Watoto wa Rufiji na uraibu wa magemu: Tulihesabu vifo, sasa tuhesabu na utoro

KATIKA daftari la mahudhurio la shule ya sekondari ya kata, mwanafunzi asiyeonekana darasani kwa siku nyingi mfululizo hupewa jina moja tu: mtoro. Jina hilo halielezi kama mtoto huyo yuko bondeni akiamia ndege wasile mpunga wa wazazi wake, yuko kwenye mtumbwi akivua kamba, ana njaa, ana mimba, au amekaa katika kibanda cha magemu tangu asubuhi, macho kwenye runinga, hajala wala hana habari kwamba jua limekuchwa.

Katika takwimu za elimu za taifa, utoro ndio sababu inayoandikwa mara nyingi zaidi pale mwanafunzi anapoacha shule. Kwa maneno mengine, tunajua ni wangapi wamepotea, lakini hatujui wamepotelea wapi. Makala haya yanamzungumzia mmoja wa watoto hao wanaopotelea ndani ya neno hilo, yule aliyetekwa na michezo ya kompyuta, na yanamtazama akiwa katika eneo ambalo wengi hawangetarajia kumkuta, yaani wilaya ya Kibiti na vijiji vya delta ya mto Rufiji, mkoani Pwani.

Msomaji wa mjini huenda akashangaa. Uraibu wa magemu umezoeleka kuzungumzwa kama tatizo la watoto wa Masaki na Mikocheni, ambao kila mmoja ana chumba chake, runinga yake na mzazi mwenye fedha. Kibiti, kwa wengi wetu, inakumbukwa kwa mambo mawili: mauaji ya miaka ya 2016 na 2017, na mafuriko ya mwaka 2024. Lakini ipo sababu ya tatu ya kuikumbuka Rufiji, ambayo inasahauliwa, na ndiyo inayotufanya tuseme kwamba tatizo hili linaweza kushughulikiwa huko kabla ya kwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rufiji. Swali la mradi lilikuwa jepesi kutamka na gumu kujibu: je, fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye magonjwa yanayoua watu? Ilibidi kwanza kujua nini kinaua watu, na hilo halikujulikana, kwa kuwa wengi walifia nyumbani bila kuonwa na daktari. Kuanzia mwaka 1998 wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Palipotokea msiba, walirudi baada ya muda, wakaketi na wafiwa na kuwauliza kwa upole: marehemu alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alikohoa, alipelekwa wapi?

Majibu yalionyesha kwamba bajeti ilikuwa inapangwa kwa mazoea. Huko Morogoro, kwa mfano, malaria ilihusika na takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea kwa vifo vya mapema, wakati mwaka 1996 ilikuwa ikipewa kiasi cha asilimia 5 tu ya bajeti. Wilaya zikapewa nyongeza ndogo sana, isiyofikia dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka, pamoja na njia ya kupanga matumizi kulingana na ukubwa wa ugonjwa. Katika wilaya ya Rufiji vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na dunia ikaja kujifunza.

Watoto walionusurika kwa sababu ya kazi ile na zilizofuata, zikiwamo hati punguzo za vyandarua zilizoanza mwaka 2004, leo ni watu wazima, na wadogo zao ndio wanafunzi wa sekondari wa sasa. Tuliwaokoa na malaria walipokuwa na miezi sita. Walipofika miaka kumi na mitano tumeacha kuwauliza wanaumwa nini.

Ugonjwa, uhuni au mchezo tu?

Kabla ya kwenda mbali, ni vema tukaelewana juu ya neno lenyewe. Juni 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kuingiza uraibu wa magemu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliipitisha orodha hiyo Mei 2019, na ikaanza kutumika Januari 1, 2022. Katika orodha hiyo uraibu wa magemu umewekwa jirani na uraibu wa kamari, na ujirani huo una maana, kama tutakavyoona mbele.

WHO haikusema kwamba kila mtoto anayecheza gemu ni mgonjwa. Ilitaja dalili tatu. Ya kwanza ni kushindwa kujizuia: mchezaji haamui tena aanze lini, acheze kwa muda gani na aache saa ngapi. Ya pili ni mchezo kupanda daraja hadi kuyapita mambo mengine yote, yakiwamo chakula, usingizi, masomo na ndugu. Ya tatu ni kuendelea kucheza hata pale madhara yanapoonekana wazi kwa mchezaji mwenyewe. Na mambo hayo yawe yamedumu, kwa kawaida, kwa miezi kama kumi na miwili, na yawe yameharibu maisha yake kwa kiwango kinachoonekana.

Wapo waliopinga. Kabla ya uamuzi huo, kundi la wanazuoni kutoka vyuo vikuu mbalimbali duniani liliandika kuonya kwamba ushahidi ulikuwa bado mchanga, na kwamba wazazi wenye hofu wangeanza kuwapeleka hospitali watoto wasio na ugonjwa wowote. Hoja yao haipaswi kudharauliwa. Mchezo ni haki ya mtoto. Wazee wa Rufiji hucheza bao kutoka alasiri hadi magharibi, na hakuna anayewaita wagonjwa. Tafiti zilizokusanya takwimu za nchi nyingi zinakadiria kwamba wachezaji wenye uraibu hasa ni kati ya wawili na watatu katika kila mia. Waliobaki wanacheza, wanafurahi, wanakwenda zao.

Lakini hao wawili au watatu wapo, na anayemjua mmoja wao anajua kwamba hakuna furaha hapo. Tumchukue, kwa mfano tu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Alianza kwa kusindikizwa na mwenzake. Aligundua kwamba katika gemu la mpira yeye, ambaye darasani hakuna anayemwita kwa jina, anaweza kumfunga mtu mwenye ndevu. Hilo si jambo dogo kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Miezi ikapita, mchezo ukaacha kuwa raha ukawa deni. Anaahidi moyoni kwamba leo atacheza mechi mbili tu, na anapoahidi hasemi uongo. Giza linapoingia bado yuko pale. Anarudi akiwa na hasira, hasa dhidi ya nafsi yake. Usiku halali, akiyarudia magoli kichwani. Asubuhi anaona haya kwenda shule kwa sababu jana hakwenda, na haya hiyo inamrudisha kule kule alikotoka. Mtu wa namna hii hahitaji kuambiwa kwamba anakosea, kwa maana hilo analijua kuliko sisi. Anachokosa ni uwezo wa kutoka, na mtu wa kumshika mkono.

Magemu yenyewe hayakuundwa yamsaidie kutoka. Mchezo wa bao una mwisho: kete zikiisha, mmoja ameshinda. Gemu nyingi za kisasa hazina mwisho, kila hatua inafungua nyingine, na zawadi hutolewa kwa vipindi visivyotabirika. Wanasaikolojia walikwishaonyesha katika karne iliyopita, kwa majaribio ya njiwa na panya, kwamba kiumbe anayelipwa bila mpangilio ndiye anayeendelea kubonyeza kitufe kwa muda mrefu kuliko anayelipwa kila mara. Kampuni za magemu huajiri wataalamu wanaoijua siri hiyo. Kijana wetu anashindana nao akiwa peke yake.

Kwa nini Kibiti

Kibiti ni mji wa barabarani. Hadi mwaka 2003 msafiri wa kusini alisubiri kivuko pale Ndundu, na mvua zikizidi alisubiri siku kadhaa. Mwaka huo likafunguliwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, na eneo lililokuwa limejitenga likaunganishwa na Dar es Salaam kwa safari ya saa chache. Umeme ukafuata, simu zikafuata, na kila kitu kinachouzwa Mbagala kikaweza kuuzwa Kibiti na Ikwiriri. Hili ni jambo jema. Februari 2024 bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya mto huo huo kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme kwa mtambo wake wa kwanza. Lakini barabara na nyaya hazichagui mzigo. Katika miji midogo ya aina hii kote nchini, pembeni ya vibanda umiza vya kuonyesha mpira na sinema vimeota vibanda vya magemu, vyenye runinga kadhaa na mashine za PlayStation zilizokwishatumika kwingine, na mteja hulipa kwa mechi au kwa dakika. Asiye na fedha ya kibanda ana simu, na katika simu zipo Free Fire, eFootball na nyingine zinazopatikana bure.

Lakini vibanda viko kila mahali. Kinachoitofautisha Rufiji ni nani yuko nyumbani mtoto anaporudi.

Ukulima wa mpunga wa Rufiji unafuata maji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya miinuko, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Tangu wakati huo familia nyingi zimeishi maisha ya makazi mawili: nyumba iko kijijini, lakini msimu wa kilimo ukifika wazazi huteremka bondeni na kukaa huko kwa wiki na miezi ndani ya madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakiulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe, nyani na viboko. Mtoto wa shule hubaki kijijini na bibi, au na kaka, au peke yake.

Kwa upande wa delta yenyewe, hali ni ya namna nyingine lakini matokeo ni yale yale. Hiyo ni nchi ya mikoko, takriban hekta 53,000, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vya kata kama Salale, Mbuchi na Maparoni vimetawanyika katika visiwa na mikono ya mto, na safari ni ya mtumbwi au boti inayosubiri maji kujaa. Mtoto anayetoka huko kuifuata sekondari ya mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku. Pasipokuwa na bweni, au pasipokuwa na fedha ya bweni, hupangiwa chumba. Wanafunzi wenyewe huviita vyumba hivyo mageto. Ndani ya geto mna ndoo, godoro, jiko la mafuta au la mkaa, na mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye kuanzia saa tisa mchana hadi saa moja asubuhi hana mtu mzima wa kumuuliza umekula nini.

Tumezungumza sana juu ya mageto kuhusiana na mimba za wanafunzi wa kike, na tulikuwa na haki ya kuzungumza. Hatukuuliza mvulana wa geto hufanya nini jioni. Jibu ni kwamba anakwenda penye taa na watu, na penye taa na watu ni kibandani. Mwenye kibanda anamjua kwa jina, anamkopesha mechi, anamruhusu alale kwenye benchi mvua ikinyesha. Kwa mtoto huyo, kibanda kimeshika nafasi ya nyumba. Ndiyo maana kukifunga tu, bila kuweka kingine mahali pake, hakumrudishi nyumbani.

Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa mama hajakataa kufunza, yuko dunguni akifukuza nguruwe ili mtoto huyo huyo apate ada ya chumba.

Juu ya hayo yapo majeraha mawili. La kwanza ni la mauaji. Katika miaka ile viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja wilayani Kibiti. Serikali ilichukua hatua kali. Rufiji ikafanywa mkoa wa kipolisi, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na kijana mgeni asiyejieleza vizuri alitazamwa kwa shaka. Amani imerudi, lakini watoto waliokuwa na miaka sita au saba wakati ule ndio vijana wa leo, na walijifunza mapema kwamba usiku ni wa kujifungia na kwamba kijana wa kiume ni mtu wa kuogopwa. La pili ni mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti na kuvuruga masomo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema uraibu wa magemu mara nyingi huambatana na huzuni ya muda mrefu na wasiwasi. Mtoto hakimbilii skrini kwa kuipenda tu, wakati mwingine anakimbia kitu.

Kutoka gemu hadi dubwi

Tulisema WHO imeuweka uraibu wa magemu jirani na ule wa kamari. Katika mji mdogo ujirani huo unaonekana kwa macho. Wachezaji wa gemu la mpira hukubaliana kwamba anayefungwa ndiye alipie mechi. Baadaye wanawekeana fedha juu. Mlango wa pili kuna mashine ya sarafu, ile inayojulikana mitaani kama dubwi au mashine ya Wachina. Na katika simu ile ile yenye gemu kuna ujumbe wa kubashiri matokeo ya ligi za Ulaya. Mtoto hahitaji kuvuka barabara ili atoke kwenye mchezo aingie kwenye kamari.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inamzuia mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Sheria ni nzuri, lakini ina tundu. Tangu mwaka 2020 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mtoto hana kitambulisho hicho, hivyo hutumia laini ya baba, ya mama au ya kaka. Kampuni ya kubashiri inapohakiki umri, inauhakiki umri wa baba, ambaye ana miaka 45 na yuko bondeni analima. Kumbukumbu zinaonyesha mtu mzima amecheza. Na hapa pia, kama ilivyo kwa utoro, kumbukumbu zipo na ukweli haumo.

Gemu la kawaida, kwa upande wake, si kamari mbele ya sheria, kwa hiyo kibanda chake hakiangukii kwenye bodi hiyo. Kinabaki kuwa biashara ndogo kama kibanda cha chipsi, kinachotegemea leseni, amri ya ofisa mtendaji na busara ya mwenye nacho.

Wenzetu wamefanya nini

Njia ya kwanza inayowajia viongozi akilini ni kupiga marufuku. Nchi nyingine zimekwishaijaribu, na ni vema tukatazama zilikofikia. Korea Kusini ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011, ikiwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza magemu ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakatumia namba za vitambulisho vya wazazi wao, wengine wakahamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa. Mwaka 2021 Serikali ya nchi hiyo iliamua kuifuta. China, mwaka 2021, ilikwenda mbali zaidi: aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri hiyo inategemea dola yenye uwezo wa kumtambua kila mchezaji kwa jina na sura, uwezo ambao sisi hatuna, na pengine hatupaswi kuutamani.

Jirani zetu Kenya walihangaika na kamari. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 uliohoji vijana wa miaka 17 hadi 35 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya waliohojiwa Kenya walikwishacheza kamari, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zilizohojiwa. Serikali ilikamata na kuharibu mashine za sarafu, na mwaka 2019 ikagoma kuhuisha leseni za kampuni kubwa za kubashiri. Baadhi zilifunga kwa muda, nyingine zikarudi. Vijana waliokwishanasa hawakupona kwa sababu kampuni moja imefungwa, walihamia kwenye iliyobaki.

Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni kiboko. Mtoto huchapwa nyumbani, huchapwa shuleni, huitiwa mzazi, na mwisho hufutwa kwenye orodha. Kwa mtoto mkaidi wa kawaida huenda adhabu ikamtisha kwa wiki moja. Kwa mwenye uraibu, adhabu inaongeza lile lile lililompeleka kibandani, yaani haya na upweke. Na kumfuta shule ni kumwondolea saa saba za siku ambazo angalau hakuwa mbele ya runinga.

Hata hivyo tunao mfano wetu wenyewe wa kufanya vinginevyo. Kwa miaka mingi kijana anayetumia heroini nchini aliitwa teja na alitendewa kama takataka. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadone kwa waraibu, hatua ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijathubutu kuichukua. Kliniki zikaongezeka Temeke, Mwananyamala na mikoani. Sheria dhidi ya wauzaji haikulegezwa kwa sababu hiyo, kilichobadilika ni kwamba mtumiaji alianza kupewa kadi ya kliniki badala ya pingu. Ikiwa tuliweza kumwona mgonjwa ndani ya mtu aliyejidunga sindano chini ya daraja, hatushindwi kumwona ndani ya mwanafunzi wa kidato cha pili.

Tuanzie kwenye daftari

Tiba ya uraibu wa magemu haina sindano. Inayotumika zaidi duniani ni tiba ya mazungumzo, ambapo mgonjwa anasaidiwa kutambua ni saa gani na hali gani zinazomsukuma kucheza, kupanga upya siku yake, kurudisha usingizi, na kushughulikia huzuni iliyo nyuma ya mchezo, huku familia ikishirikishwa. Wataalamu wa kuifanya kwa ukamilifu wako mbali na Kibiti. Lakini hatua za mwanzo hazihitaji daktari bingwa, zinahitaji mtu mzima mmoja aliyefundishwa, anayeaminika na asiyeshika fimbo.

Hapa ndipo uzoefu wa Rufiji unapokuwa na thamani. Jambo la kwanza ni kuhesabu. Kila jina linalofutwa shuleni kwa utoro lifuatiliwe kama kilivyofuatiliwa kila kifo: mtu aende nyumbani, au kwenye geto, aketi, aulize kwa upole. Ulianza lini kukosa? Ulikuwa ukienda wapi? Unalala saa ngapi? Nani anaishi nawe? Majibu yaandikwe kwa sababu zilizotenganishwa, shamba mbali, uvuvi mbali, njaa mbali, mimba mbali, magemu na kamari mbali. Baada ya mwaka mmoja halmashauri itajua ukubwa wa kila jambo. Huenda ikaonekana kwamba magemu ni sehemu ndogo kuliko tunavyodhani na njaa ni kubwa kuliko tunavyokubali. Hilo nalo litakuwa faida, maana litatuzuia kufunga vibanda huku watoto wakikosa uji.

Watu wa kuuliza si lazima waajiriwe upya. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 nchini kote ndani ya miaka mitano. Wapo pia maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na walimu wa malezi na unasihi mashuleni. Kuwaongezea maswali machache na mafunzo ya siku chache hakuhitaji bajeti ya bwawa.

Jambo la pili ni mageto. Palipo na watoto wanaopanga, serikali ya kijiji iwajue kwa idadi na kwa nyumba, na kila kundi liwe na mlezi mtu mzima wa karibu, ambaye wazazi wanamfahamu na wanamwachia angalau shukrani ya msimu. Mabweni yajengwe, lakini mlezi asisubiri bweni. Jambo la tatu ni vibanda. Badala ya kuvikimbiza hadi vijifiche uchochoroni, halmashauri iviandikishe kwa masharti mawili yanayokaguliwa: hakuna mwanafunzi saa za masomo, na hakuna mashine ya sarafu ndani yake wala mlango wa pili. Mwenye kibanda ndiye wa kwanza kumjua mtoto asiyeweza kuondoka. Akitishwa atamficha, akishirikishwa anaweza kutuambia.

Jambo la nne ni mlango wa kurudi. Waraka wa elimu wa Novemba 2021 uliwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea shuleni. Umma uliupokea zaidi kama waraka wa wasichana waliopata mimba, lakini mlango ule si wao peke yao. Mvulana aliyepoteza mwaka mzima kibandani naye aambiwe kwamba anaweza kurudi, na aambiwe na mtu aliyekuja kumtafuta.

Watakuwapo watakaosema kwamba wilaya iliyotoka kwenye mafuriko, yenye upungufu wa madarasa na dawa, haina nafasi ya kushughulikia watoto wanaocheza. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara. Lakini hivyo hivyo ilisemwa juu ya kuhesabu vifo: kwamba fedha ni kidogo mno kuzitumia kuuliza maswali. Ikathibitika katika vijiji vya Rufiji kwamba fedha zilikuwa kidogo, na kuuliza maswali ndiko kulikozifanya zitoshe.

Halmashauri ya Kibiti haihitaji kusubiri sera mpya kutoka Dodoma ili ianze. Inahitaji kuchukua orodha ya watoro wa muhula uliopita, kuigawa kwa vijiji, na kumtuma mtu kwa kila jina.